Mlolongo Uliokatwa Kwenye Picha

Peterson Gatimu alikuwa na sifa moja ambayo watu wa Giakanja waliijua kuliko walivyoujua uso wake: hakunywa chai ya mgombeaji. Akifika kwa mtu anayetaka kiti, hata kama ni ile baridi ya Julai inayouma masikio, na mwenye nyumba ameshammiminia kikombe mpaka pomoni, Gatimu alikisukuma kando taratibu akasema, "Nashukuru kwa moyo, lakini mimi ni mtu wa gazeti." Kwa watu wa tarafa hiyo ya Tetu, kukataa chai ni kumwambia mwenye nyumba kwamba kikombe chake kinanuka. Wengi walikasirika. Lakini miaka ilivyopita, hasira ikageuka heshima, na heshima ikawa msemo. Mama akimkanya mtoto asipokee peremende za watu asiowajua, alimwambia, "Kuwa Gatimu."

Alizaliwa siku za Hali ya Hatari ya mkoloni. Baba yake alifia kizuizini kabla mtoto hajajua kumwita, akalelewa na mama yake, Wakonyo, kwa jembe na kwa maua ya pareto aliyoyachuma mpaka vidole vikafa ganzi. Aliyemfundisha kusoma ni Mwalimu Murugi, wakati huo msichana mwembamba aliyetoka chuoni juzi, mwenye sauti iliyosikika mpaka barabarani. Gatimu alipomaliza shule alifundisha kidogo bila cheti, akawa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na usiku aliandika barua kwa magazeti kulalamikia barabara mbovu na maji yasiyofika. Barua hizo ndizo zilizompa kazi. Gazeti la Mbiu ya Raia la Nairobi lilimfanya mwandishi wake wa Nyeri, likampa kamera, na likamtumia karatasi moja ya kanuni. Kanuni aliyoipenda kuliko zote ilisema: mwandishi hana upande, na kila upande upewe nafasi sawa.

Aliibandika ukutani katika vyumba viwili alivyopanga Ruring'u, karibu na mji wa Nyeri. Akiulizwa kanisani atoe neno, alitoa hiyo. Si dhambi kuipenda kanuni. Dhambi ni kuifanya blanketi, ukajifunika nayo jambo linapokutaka usimame.

Ukaja mwaka wa mlolongo. Chama kilikuwa kimoja nchini, na kiliamua kwamba wagombeaji wake wateuliwe bila karatasi wala sanduku. Kila mgombeaji alimsimamisha wakala aliyeinua picha yake, na wanaomtaka wakajipanga nyuma ya picha ile. Msimamizi alipita akihesabu vichwa, kisha akatangaza. Watu wakishaenda zao, hakukuwa na cha kuhesabiwa upya. Kilichobaki ni macho ya watu, na macho hayapelekwi rufani.

Kiti cha udiwani cha wadi yao kiliwaniwa na wawili. Mmoja alikuwa Wamae, mwenye baa na mashine ya kusaga, mtu ambaye gari lake lilikuwa la kwanza kufika kila wakubwa wa chama walipopita Nyeri. Wa pili alikuwa Mwalimu Murugi, sasa mjane mwenye mvi, ambaye nusu ya wadi ilikuwa imepitia mikononi mwake ikiwa na kamasi puani.

Asubuhi hiyo jua liliwahi, na uwanja wa shule uliokuwa chini ya soko ulikuwa vumbi tupu. Mlolongo wa Wamae ulianzia langoni, ukaishia kabla ya mti wa kwanza wa mgrevilea. Ule wa Murugi ulipita goli, ukaandama ua wa shule, ukatokea kwenye pengo la ua, ukateremka njia ya josho la ng'ombe. Wakonyo, aliyechelewa kwa sababu ya goti lake, alisimama huko chini, mkiani kabisa, karibu na josho.

"Enyi wa Wamae!" alipaza sauti Theuri, mwenye bucha, kutoka mlolongo mrefu. "Huo mstari wenu ni mfupi kama mkia wa mbuzi!"

"Mkia ni mfupi," akajibu kijana mmoja wa baa, "lakini mbuzi ni wetu."

Watu wakacheka pande zote mbili. Lilikuwa jambo la kuchekesha bado.

Gatimu alipanda jukwaa la tangi la maji. Kutoka juu aliona yote: mgrevilea, goli, ua, pengo, njia ya josho, na leso ya mama yake, ya manjano kama ua la alizeti, kwenye ncha ya watu. Akapiga picha moja tu. Alipoteremsha kamera aliona askari aliyekuwa langoni anamtazama. Hakupunga hata mkono. Alimtazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mwenzake ili aje kulitumia baadaye.

Gatimu akashuka. Na alipokuwa anashuka, kanuni yake ilimjia mdomoni kama sala. Kila upande upewe nafasi sawa. Alijiambia kwamba picha ile ya juu ingemfanya mmoja aonekane mkubwa na mwingine mdogo, na hiyo si kazi ya mwandishi. Basi akaenda mbele ya mlolongo wa Wamae, akasimama hatua chache kutoka kwa wakala, akapiga. Akavuka kwa mlolongo wa Murugi, akasimama umbali ule ule, akapiga. Katika kila picha kulikuwa na wakala, picha ya mgombeaji, na nyuso za watu wa mbele zikijaza fremu mpaka pembeni. Zilikuwa sawa kama macho mawili ya mtu mmoja. Akaridhika. Alijiona mwadilifu, hali alikuwa mwoga aliyevaa koti la mwadilifu.

Msimamizi alipomaliza kupita na kutangaza kwamba Wamae ameshinda, watu walicheka. Walidhani ameteleza ulimi, amebadilisha majina. Wengine walimwita kwa upole, "Bwana, umegeuza!" Alitangaza mara ya pili, akaingia kwenye gari. Ndipo kicheko kilipokatika, na uwanjani zikasikika karatasi za picha zikipigwa na upepo mikononi mwa mawakala.

Filamu ilisafishwa Nyeri mjini, kwa Jashbhai, mwenye studio, ambaye mkewe Gomti alikaa kaunta tangu Gatimu akiwa karani. Gatimu alizichukua zile picha mbili, akazipeleka kwa dereva wa basi la Nairobi. Ya tatu aliiacha.

"Na hii?" Jashbhai aliuliza, akiinua picha iliyopigwa kutoka tangini. "Hii ndio mzuri kushinda zote. Watu yote iko ndani."

"Weka tu, mzee. Hiyo si ya gazeti."

Mbiu ya Raia ilizichapa zile mbili bega kwa bega, na juu yake kichwa cha habari: Wamae Ambwaga Murugi kwa Kijasho Chembamba. Chini, kwa herufi ndogo nadhifu, jina la Peterson Gatimu. Mtu wa Mombasa au Kisumu aliyeifungua angeona mistari miwili inayolingana, akasema, ama kweli, mashindano yalikuwa makali, mmoja lazima ashindwe.

Lakini watu wa Giakanja hawakuwa Mombasa. Siku ya soko Theuri alilitandaza gazeti juu ya gogo la kukatia nyama.

"Gatimu, njoo hapa. Mimi ni mnene, sivyo?"

"Umenenepa kidogo, mzee."

"Kidogo! Basi mtu mnene hivi hupotea wapi? Nilikuwa pale kwa ua. Ua uko wapi? Na josho? Ati mlihamisha josho?"

Wateja waliangua kicheko. Gatimu naye akacheka, kisha akaacha kabla yao. "Gazeti ni dogo, mzee," akasema. "Nilizipa pande zote nafasi sawa."

"Nafasi sawa," Theuri akarudia, akifuta kisu kwenye aproni. "Mwenye ng'ombe mmoja na mwenye zizi, wote umewapiga picha ya pembe mbili."

Jioni ile ile Mwalimu Murugi alifika Ruring'u kwa miguu. Gatimu alimpa kiti. Mwalimu alikuwa amechoka, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu, lakini alizungumza kama aliyesimama mbele ya ubao.

"Nakwenda kukata rufani. Wataniuliza ushahidi. Nilikuona ukipanda tangi, Gatimu. Ulichokiona kule juu ndicho ninachokitaka."

Gatimu alitazama ukuta wake, pale kanuni ilipobandikwa. "Mwalimu, nikikupa wewe, nimeingia upande wako. Wamae naye akija, nitampa nini?"

"Mpe hiyo hiyo," akasema Murugi. "Naye yumo."

Lilikuwa jibu jepesi. Angeweza kunyamaza. Angeweza hata kusema, Mwalimu, naogopa. Mwalimu angemwelewa, maana katika miaka hiyo nani hakuogopa? Badala yake alisema, "Filamu iliingia mwanga. Zilitoka zile mbili tu."

Murugi alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama zamani anapokwama katikati ya sentensi, akimpa nafasi ya kurudia. Gatimu hakurudia. "Basi," akasema mwalimu, akainuka.

Rufani ilisikilizwa Nyeri, katika ukumbi uliojaa watu mpaka madirishani. Mwenyekiti wa kikao alikuwa na nakala ya gazeti mbele yake, na baada ya Murugi kusema yake, alimwita Gatimu mbele. Alimsifu kwanza. Alisema huyu ni mtu ambaye wote wanajua hana upande, mtu asiyekubali hata kikombe cha chai, na watu wakaitikia kwa kichwa kwa sababu ilikuwa kweli. Sifa ile ilimchoma Gatimu kuliko tusi.

"Picha hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Umezigeuza kwa namna yoyote?"

"Sijazigeuza."

"Zinaonyesha ulichokiona?"

Hapo ndipo jina lake lote lilipokuwa limesimama kwa mguu mmoja. Gatimu aliona viatu vya Murugi. "Zinaonyesha nilichopiga," akasema.

Mwenyekiti akaandika. Ndipo Wakonyo akainuka kutoka benchi la nyuma, akishikilia bega la aliyekaa mbele yake kwa sababu ya goti. Hakumwomba mtu ruhusa.

"Mwanangu," akasema, "na mimi nilikuwa wapi?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia kweli. Mwenyekiti alimwambia, "Mama, keti," akarudia, na mama akaketi, na Gatimu, aliyekuwa ameulizwa swali mbele ya watu wote hao, hakulijibu. Rufani ikatupwa.

Kuna watu hudhani aibu huja kama radi. Kwa Gatimu ilikuja kama maji chini ya mlango. Mama yake hakumgombeza. Alimpikia kama kawaida alipokwenda Jumapili, akamwuliza habari za Ruring'u, ila hakuuliza tena habari za gazeti, yeye ambaye alikuwa akimtaka amsomee kila neno. Kanisani alipoombwa kutoa neno, alidai ana mafua. Aliing'oa ile karatasi ukutani, na doa jeupe lililobaki likawa linasomeka kuliko maandishi.

Labda angeishi hivyo hivyo mpaka mwisho, maana mtu huzoea kila kitu, hata kujidharau. Lakini uongo wake wa filamu ulikuwa na miguu, ukatoka kwa Murugi, ukatembea mpaka mtaa wa maduka. Siku moja Jashbhai alimwita ndani, nyuma ya pazia. Gomti alibaki kaunta, na mara hii hakumsalimu.

"Gatimu, mimi nataka kuuliza wewe kitu. Watu ya Tetu hawakuji tena. Harusi ya Ngatia walipeleka Karatina. Jana mama mmoja anasema, ati Muhindi alikula rushwa ya Wamae akachoma filamu. Nani amesema filamu ilichomeka?"

Gatimu alitazama pazia.

"Mimi nimesafisha filamu tangu kabla ya uhuru," Jashbhai akasema. "Hata ya Mzungu, hata ya ninyi. Hakuna mtu amesema Jashbhai amechoma. Sasa wewe nimekupa picha mzuri, ukaniambia weka. Nimeweka. Na wewe ukaenda kusema nimeharibu?"

"Sikukutaja jina, mzee."

"Hapa Nyeri ni nani mwingine anasafisha yako?"

Alifungua mtoto wa meza, akaitoa ile picha, akamwekea mkononi. Ilikuwa safi kabisa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, mpaka josho.

Hapo Gatimu alijua kwamba hajaokoa hata lile alilotaka kuliokoa. Alitaka jina la mtu asiye na upande. Kwa kulilinda alikuwa amemnyang'anya mwalimu wake kiti, mama yake nafasi aliyosimama juani kwa goti bovu, na mzee huyu jina alilolijenga katika nchi ambayo wenyeji wake hawakuacha kumwita mgeni. Hiyo haikuwa kukaa katikati.

Alikwenda posta akampigia mhariri wake. Akasema anayo picha nyingine ya uteuzi wa Giakanja, iliyo kamili.

"Habari hiyo imeshapoa," mhariri akasema. "Na jinsi unavyoieleza, picha hiyo ina upande."

"Upande gani, mhariri?"

Simu ilikwaruza kidogo. "Ule mrefu," mhariri akasema, akakata.

Zamani jibu hilo lingemtosha Gatimu kama kinga, angesema alijaribu. Safari hii lilimfanya atamani kujificha, kwa sababu alisikia ndani ya maneno hayo sauti yake mwenyewe.

Alimpelekea Murugi kwanza. Alimkuta shambani akipalilia maharagwe. Akampa picha, akasema bila kupamba, "Haikuingia mwanga. Nilikudanganya. Niliogopa, halafu nikaiita haki."

Murugi alijipangusa mikono kwenye sketi kabla ya kuipokea. Aliitazama muda mrefu, kidole kikifuata ua, pengo, njia. Midomo yake ilikuwa inatamka majina. "Walikuja wote," akasema mwishowe, na machozi yakamlengalenga. Kisha akamrudishia.

"Ni yako, Mwalimu."

"Sasa niende nayo wapi? Kikao kimefungwa. Wamae amepita bila kupingwa na ameshaapishwa." Akaokota jembe. "Mimi sikuhitaji picha kujua. Lakini kuna Mhindi anatukanwa mjini, na kuna mama alikuuliza swali hadharani. Wajibu hao hadharani vilevile. Usije kunijibu mimi huku kwenye maharagwe."

Siku ya soko Gatimu aliingia kwenye bucha ya Theuri watu wakiwa wengi. Aliiweka picha juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya kusikika nje, "Hii niliipiga siku ile. Jashbhai aliisafisha vizuri. Aliyesema imeharibika ni mimi, na nilisema uongo."

Waliinamia picha. Theuri alijiona. "Huyu hapa! Kweli mimi ni mnene!" Mwingine akamtafuta mkewe, mwingine marehemu shemeji yake aliyezikwa mwezi uliotangulia, akaomba aachiwe atazame tena. Walisukumana na kuitana kama watu walioletewa barua kutoka ng'ambo. Hakuna aliyempiga Gatimu, hakuna aliyemtukana. Walimzunguka tu na kumpita, kama maji yanavyozunguka jiwe. Kijana mmoja alisema bila kugeuka, "Gatimu, sogea, unatuzibia mwanga," na watu hawakucheka.

Wakonyo alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha viazi. Theuri alimpisha, akamwonyesha kwa ncha ya kisu. "Mama, wewe huyu. Leso hiyo."

Mama aliinama kuitazama. Picha haikuwa na rangi, lakini aliijua leso yake. Alijitazama pale chini karibu na josho, mwanamke mdogo kama punje ya mtama, amesimama wima.

"Gatimu," akasema. "Siku nilipokuuliza kule ukumbini, ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, maitu."

"Ulikuwa umeniona?"

"Nilikuwa nimekuona."

Wakonyo akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea bei asiyoweza kuibishania. Alimwambia Theuri aitundike picha ukutani, juu, moshi usipofika. Kisha akajitanda leso vizuri na kutoka nje. Gatimu alimfuata, akanyoosha mkono kukipokea kikapu, kama alivyokipokea kila siku ya soko tangu awe na nguvu ya kukibeba. Mama akakihamishia mkono wa pili, na akaendelea kupanda njia ya nyumbani, polepole, kwa ajili ya goti.